Hiroshi Senju na Maji Yaangukayo Yenyewe

Katika michoro ya maporomoko ya maji iliyompa Hiroshi Senju jina duniani, hamna mtu hata mmoja. Huoni mvuvi wala mtawa, huoni mtoto anayecheka kando ya mto. Lakini mchoraji huyu wa Kijapani, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1958 na kuhamia New York katika miaka ya 1990, ameandika kitabu kizima kuhusu furaha ya kuchora. Furaha ya binadamu inaingiaje basi katika picha isiyo na binadamu? Kwa maoni yangu, jibu limo katika jinsi picha zenyewe zinavyotengenezwa.

Senju alisomea katika Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo uchoraji unaoitwa nihonga, unaotumia malighafi na mbinu za jadi za Japani. Rangi zake ni madini yaliyosagwa. Buluu hutokana na azuraiti. Kijani hutokana na malakiti, jiwe la shaba lilelile ambalo mafundi wa Lubumbashi hulichonga mapambo. Nyeupe hutokana na makombe ya chaza. Unga huo hushikamanishwa kwa gundi iliyochemshwa kutoka ngozi za wanyama, kisha hupakwa juu ya karatasi ya nyuzi za gome la mforosadi. Chembe zikiwa kubwa, rangi hukolea. Zikisagwa laini zaidi, rangi ya jiwe hilohilo hupauka. Hivyo jiwe moja humpa mchoraji viwango vingi vya rangi bila kuongezewa kitu.

Sasa fikiria mtu mwenye rangi za namna hiyo anataka kuchora maporomoko. Angeweza kuchukua brashi na kuiga kila mchirizi wa maji. Badala yake, Senju huimimina rangi kutoka ukingo wa juu wa picha na kuiacha iteremke yenyewe hadi chini. Kisha hunyunyiza rangi kwa bomba la hewa ili kupata ule ukungu unaopanda pale maji yanapogonga bwawa. Kinachoonekana ni kitu kilichoanguka kweli, kwa nguvu ileile inayoangusha maji mlimani. Mkono wa mchoraji umeanzisha kazi na uzito umeimalizia. Ndiyo maana mtazamaji hahitaji kuelezwa lolote kuhusu sanaa ya Japani: macho na mwili wake vinafahamu kuanguka kwa maji tangu utotoni, na kukitambua kitu hicho pamoja na mgeni aliyesimama kando yako ni raha ambayo maneno huichelewesha tu.

Mwaka 1995 kazi ya namna hii, yenye upana wa takriban mita 14, ilimpatia tuzo ya heshima katika maonyesho ya Biennale ya Venice. Wapo wanaoona amechora maporomoko mengi mno tangu hapo. Siwaungi mkono. Rangi iliyomiminwa haishuki mara mbili kwa njia moja, kwa hiyo kila picha ni tukio jipya. Naona hata hivyo kwamba zile za rangi zinazong'aa buluu chini ya mwanga wa urujuanimno hushangaza zaidi kuliko zinavyotuliza. Nguvu yake kamili ipo katika nyeupe juu ya nyeusi.

Mfululizo wake wa magenge unafuata wazo hilohilo la kuiacha rangi ifanye kazi yenyewe. Senju huikunja na kuifinyanga karatasi, kisha huiacha rangi ifuate mikunjo hadi uso wa mwamba utokee. Magenge na maporomoko ya namna hii yamechorwa kwenye milango ya kuteleza ya hekalu la Kongobu-ji katika mlima Koya, ambayo iliwekwa wakfu mwaka 2020.

Karuizawa, mji wa milimani, kuna jumba la makumbusho la kazi zake lililobuniwa na msanifu Ryue Nishizawa na kufunguliwa mwaka 2011. Sakafu yake haikusawazishwa. Inafuata mteremko wa ardhi, na bustani zilizozungushiwa vioo zimo katikati ya picha. Nadhani huko ndiko kunakofaa zaidi kuziona. Lakini kazi zake zipo pia katika uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo. Ukipata safari ya kupita hapo, tenga muda kabla ya ndege yako, usimame mbele ya kazi hizo.