Somo la Leo: Je, Kuchora ni Mchezo Tu?

Wazazi wengi wa Kinondoni na Temeke huuliza, "Mtoto akichora shuleni atapata nini?" Swali hilo ni la haki, maana daftari na penseli hununuliwa kwa fedha.

Tumtazame Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru. Mwaka 1968 alianza kuchora picha hapa Dar es Salaam, kwa rangi za baiskeli, juu ya vipande vya ubao mwembamba. Aliziuza Oysterbay, Kinondoni. Alifariki mwaka 1972, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake. Hao wakafundisha wengine, na mpaka leo wako wanaokula kwa kazi hiyo.

Hebu fikirini. Wale walijifunza kwa sababu walikuwa na jamaa fundi. Mtoto asiye na jamaa wa namna hiyo atajifunza wapi, kama si shuleni? Akichora, jicho hujifunza kutazama na mkono hujifunza kutii. Mkono huo ndio utakaokata nguo au kupima mbao kesho.

Zoezi: Andikeni kazi tatu za mtaani kwenu ambazo fundi huchora kwanza, ndipo akaanza kazi.