Kuku Anaposhindwa Kutaga: Tumsaidieje?



Maombi ya miradi ya kuku hutufikia mara kwa mara kutoka parokiani, na sababu yake inaeleweka. Kwa mama mwenye kuku kumi nyuma ya nyumba, mayai ndiyo sabuni, chumvi na daftari la mtoto. Kuku mmoja akifa, kipato hicho hupungua. Katika toleo hili tunaeleza tatizo moja linaloua kuku wazuri wa mayai, nalo ni yai kukwama tumboni. Mara nyingi kuku wa namna hii anaweza kuokolewa kwa vitu vilivyomo nyumbani. Tena tatizo lenyewe linaweza kuzuiwa, ikiwa mradi umepangwa vizuri tangu mwanzo.

Kwa nini yai hukwama?

Yai hutengenezwa kwa muda wa saa 24 hadi 26. Kati ya hizo, saa kama 20 hutumika kujenga gamba. Gamba la yai moja lina takriban gramu 2 za madini ya kalsiamu, wakati mifupa yote ya kuku ina gramu 20 hivi. Maana yake ni kwamba kila yai huchukua kiasi kama sehemu moja ya kumi ya akiba ya mifupa. Kuku asipokula kalsiamu ya kutosha, mwili huichota mifupani.

Madini hayo hayo ndiyo yanayoiwezesha misuli kulisukuma yai litoke. Yakipungua, gamba huwa laini na misuli hulegea, na hapo yai hukwama. Sababu nyingine ni yai kuwa kubwa mno, mtetea kuanza kutaga kabla nyonga hazijakomaa, kuku kunenepa kupita kiasi, uzee, kukosa maji, au ugonjwa wa njia ya mayai.

Dalili zake

Kuku huingia na kutoka kwenye kiota bila kutaga. Husimama wima mkia ukiwa chini, hujikamua, manyoya humsimama, na huacha kula. Wengine hutembea kwa kutanua miguu au hushindwa kabisa kutembea.

Asichanganywe na kuku anayetaka kuatamia. Huyo hujilaza kiotani kwa utulivu, na ukimkaribia hutanua manyoya, hulia kwa hasira na kudonoa. Vilevile, kuku wengi wakiugua kwa pamoja, fikirieni kideri au ugonjwa mwingine wa kuambukiza na mwiteni mtaalamu mapema.

Hatua za kumsaidia

Tatizo hili halisubiri kesho. Kuku ambaye yai limemkwama anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

1. Mtenge na wenzake, mahali pa joto, penye giza kidogo na utulivu. Mpe maji ya kunywa.

2. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga, yafike tumboni. Akae dakika 20 hivi huku umemshika taratibu. Joto hulegeza misuli.

3. Mkaushe vizuri asipate baridi.

4. Mpe kalsiamu. Saga kidonge cha kalsiamu cha miligramu 500, changanya na maji, kisha mdondoshee pembeni mwa mdomo kidogo kidogo asije akapaliwa. Asiye na kidonge amwekee maganda ya mayai yaliyosagwa, ingawa hayo hufanya kazi polepole.

5. Nawa mikono, vaa glovu, na upake mafuta ya kula au ya mgando kwenye tundu la kutagia.

6. Mrudishe kwenye boksi lenye nyasi kavu, mwache kwa saa moja. Asipotaga, rudia maji ya uvuguvugu na mafuta.

Msimkamue tumbo kwa nguvu, wala msilivunje yai likiwa ndani. Vipande vya gamba hukata njia ya yai, na uchafu ukiingia kuku hufa kwa maambukizi. Jioni ikifika bila mafanikio, au kuku akizidi kudhoofika, mwiteni mtaalamu wa mifugo. Anazo sindano na njia za kulitoa yai.

Ikishindikana, ni uamuzi wa huruma kumchinja kuliko kumwacha ateseke. Lakini kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe. Na aliyepewa dawa na mtaalamu asiliwe kabla ya kupita siku alizotaja.

Kwa kamati za parokia

Kuku wa kienyeji hutaga mayai machache, kisha huatamia na kupumzika, hivyo mwili hupata nafasi ya kujirudishia. Kuku wa mayai wa kisasa anaweza kutaga zaidi ya mayai 250 kwa mwaka. Hawezi kuishi kwa pumba na mabaki ya jikoni peke yake.

Hesabu ni rahisi. Kuku anayetaga hula gramu kama 120 za chakula kwa siku. Chakula cha kukuzia chenye kalsiamu asilimia 1 humpa gramu 1.2 tu, pungufu ya zile 2 zinazotoka na yai. Chakula cha kuku wanaotaga kina asilimia 3.5 hadi 4. Kwa hiyo tunashauri:

– Bajeti iwe na chakula cha kutagia, kianze mayai ya kwanza yanapokaribia. Kisitolewe kwa vifaranga, maana kalsiamu nyingi huharibu figo zao.

– Kuwe na kopo la maganda ya konokono au ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa. Chokaa ya kupaka ukuta isitumike, kwani huunguza.

– Banda lipate jua, maji safi yasikosekane, na kuwe na kiota kimoja kwa kuku wanne au watano.

– Katika kila kikundi, angalau watu wawili wafundishwe hatua tulizozieleza.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa kila kuku mliyemtoa. Ombi letu ni kwamba mchango wa kuku uende pamoja na chakula cha miezi ya kwanza ya kutaga na siku moja ya mafunzo. Na mnapopokea taarifa ya mradi, msiulize tu ni kuku wangapi waliogawiwa. Ulizeni pia ni wangapi bado wanataga baada ya mwaka mmoja.