Mtu Aliyerudi Kutoka Chumba cha Wagonjwa Wazito

Ndugu msomaji, je, unamkumbuka Epafrodito? Habari yake ni fupi, nayo imo katika barua ya Paulo kwa Wafilipi, sura ya 2. Mtu huyu aliugua hata akakaribia kufa, lakini Mungu alimhurumia. Tazama sasa jinsi Paulo alivyomtendea. Hakumwambia, "Umepona, shika kazi yako." Alimrudisha kwao, akalitaka kanisa limpokee vizuri na kumheshimu.

Katika nyumba za Kolwezi wako akina Epafrodito wa siku zetu. Ugonjwa wa Korona uliingia Kongo mwezi wa tatu mwaka 2020, na katika miaka iliyofuata ndugu wengine walishikwa vikali sana. Waliwekwa katika chumba cha wagonjwa wazito, kile tunachokiita reanimasio. Walipewa oksijeni, na wengine walitiwa mpira kooni ili mashine iwapumulie. (Kazi hiyo si ya zamani sana. Mwaka 1952, polio ilipowapiga watu wa Copenhagen, katika nchi ya Denmark, wanafunzi wa uganga walikaa kwa zamu mchana na usiku, wakikamua mfuko wa hewa kwa mikono yao ili wagonjwa waishi.) Uchunguzi wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, uliotangazwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa wazito wa Korona walikufa kabla ya siku 30. Basi yule aliyerudi nyumbani amepita mahali ambapo mwenzake wa kitanda cha pili pengine hakupita.

Lakini watu wanasema nini juu yake? "Alitoka hospitali zamani, mbona hataki kazi?" Wengine wanasema ni mvivu. Wengine wanasema imani yake ni ndogo. Wengine wanasema amerogwa. Maneno haya yanaumiza kuliko sindano, wala si ya kweli.

Tuanze na mwili. Mtu akilala kitandani bila kujigeuza, na homa kali ikimla ndani, nyama ya mwili wake huyeyuka upesi. Mwaka 2013 waganga wa Uingereza walipima mapaja ya wagonjwa wa reanimasio. Katika siku 10 tu, zaidi ya sehemu moja ya sita ya msuli wa paja ilikuwa imekwisha. Fikiri basi juu ya mtu aliyelala majuma matatu. Mishipa ya fahamu nayo huharibika, na ndiyo sababu vidole vya miguu hufa ganzi. Mapafu hubaki na makovu. Sauti hukwaruza kwa sababu ya mpira, na chakula humpalia. Baada ya miezi miwili au mitatu nywele huweza kuanguka, naye hushtuka sana. Mwambie zitaota tena.

Huko Wuhan, katika nchi ya China, waganga waliwafuata watu waliokuwa wamelazwa kwa Korona. Baada ya miezi 6 zaidi ya nusu walikuwa bado na shida, hasa uchovu na udhaifu. Lakini baada ya miaka miwili, karibu watu 9 katika 10 wa wale waliokuwa na kazi walikuwa wameirudia kazi yao. Kwa hiyo tusiseme hakuna tumaini. Tuseme safari ni ndefu.

Sasa nataka kusema juu ya ndoto, kwa maana hapa jamaa nyingi zimevunjika. Mgonjwa mzito huona mambo. Anaona watu weusi wamesimama ukutani. Anaona ndugu yake anamkaba koo. Je, ni nini? Oksijeni imepungua katika ubongo, homa ni kali, dawa za usingizi ni nyingi, taa inawaka usiku na mchana hata hajui ni saa gani, tena kweli kuna mpira kooni mwake! Ubongo uliochoka hushona vitu hivyo pamoja na kuvifanya kuwa hadithi. Waganga wameona jambo hili Ulaya na Marekani sawasawa na hapa kwetu. Ndoto hizo huweza kumrudia nyumbani kwa miezi mingi, pamoja na woga na kusahau.

Lakini tuseme mgonjwa anaamka na kusema, "Nilimwona mtoto wa dada yangu akinikaba." Mara jamaa wanakusanyika, na mtoto wa miaka 8 anaitwa mlozi. Anapigwa, ananyimwa bukari, mwisho analala sokoni. Ndugu, jambo hili ni dhambi, tena sheria ya Kongo ya mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inalikataza kabisa na kuweka adhabu. Mtoto hakufanya neno. Ukisikia mgonjwa anasimulia ndoto kama hii, keti naye, mwache aseme yote, kisha mweleze ulichosoma hapa. Na wewe mzee wa kanisa, usingoje mpaka mtoto afukuzwe.

Nguvu ya mtu huyu ni kama mshahara mdogo: akiutumia wote siku ya kwanza, atakaa na njaa mwezi mzima. Leo asimame kutoka kitini mara 3. Kesho aende mpaka mlangoni. Juma lijalo afike kwenye mwembe. Ikiwa kazi ya leo inamlaza kesho kutwa nzima, ilikuwa nyingi mno. Apunguze, wala asijilazimishe. Pumzi ikikata, aketi, aegemeze mikono juu ya magoti, avute hewa kwa pua na kuitoa polepole kwa midomo iliyobanwa kidogo, kama anayepoza chai. Bukari peke yake haijengi nyama ya mwili. Mpe maharagi, yai, kapenta, karanga, lenga-lenga, kidogo kidogo mara nyingi. Binti Yairo alipofufuliwa, Bwana Yesu aliagiza apewe chakula. Basi usimfunge mtu dhaifu kwa maombi ya siku tatu bila kula. Mwombee, naye akiwa anakula.

Kwetu liko jambo jingine, nalo ni vumbi la machimbo. Mapafu yenye makovu hayafai kurudishwa shimoni, wala kusaga na kupepeta mawe. Najua tumbo halingoji, na mchimbaji wa mkono hana likizo. Hata hivyo jamaa watafute kwanza kazi nyingine, ya kuuza au ya kukaa. Moshi wa mbabula pia humdhuru, pika nje. Vumbi la mawe hufungua mlango kwa kifua kikuu, kwa hiyo kikohozi kikipita majuma mawili, au akitoka jasho usiku na kukonda, usiseme tu "Ni ile Korona." Apimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure.

Mke au mume aliyelinda kitandani naye amechoka, mara nyingi halali. Mama wa kanisa, ukienda kuwatembelea, shika jembe au ndoo. Usikae tu kuimba.

Njoo hospitali upesi kama kifua kinauma ghafula, mguu mmoja umevimba, pumzi imekuwa fupi kuliko jana, au mtu anasema afadhali afe. Njoo pia kupima tansio na sukari, kwa maana ugonjwa na dawa zake huweza kupandisha sukari. Leta karatasi za mahali ulipolazwa na dawa zote unazokunywa, hata zile za miti. Hatutakugombeza kwa ajili yake. Tunataka kuzijua tu.