Unene wa mti hausemi urefu wote

Reli ya kilomita 125 kati ya Kisangani na Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906 ili mizigo iyapite maporomoko ya Boyoma. Huko ni nchi ya msitu mnene, wenye miti kama limbali na afrormosia. Kwa mwanatakwimu, kila mti wa msitu huo una vigeu viwili: unene wa shina na urefu hadi kileleni. Je, ukiujua unene, unaweza kuukadiria urefu?

Kuupima unene ni kazi nyepesi. Tepu huzungushwa shinani, mita 1.3 kutoka ardhini, au juu zaidi kama mti una mizizi mipana iliyochomoza. Mzunguko wa sentimita 157, ukigawanywa kwa 3.14, unatoa kipenyo cha sentimita 50. Urefu ndio unaosumbua, maana majani yamefungana na aliye chini hakioni kilele. Kwa hiyo watafiti hupima urefu wa miti michache, kisha mingine huikadiria kutokana na unene wake.

Hapo ndipo mchoro wa nukta unapohitajika: kipenyo kwenye mstari wa chini, urefu kwenye mstari wa wima, kila mti nukta moja. Nukta hupanda kwa kasi, halafu hulala. Mti mchanga hukimbilia mwanga. Ukishaufikia huendelea kunenepa bila kurefuka sana. Kipimo maarufu cha uhusiano, r, kinachoanzia -1 hadi 1, hupima tu jinsi nukta zinavyokaribia mstari ulionyooka. Mkunjo huo hakiuonyeshi. Ni lazima mtu autazame mchoro kwanza, ndipo apige hesabu.

Yangambi, upande wa pili wa Kisangani, mtafiti Elizabeth Kearsley na wenzake walikutana na tatizo jingine, wakalieleza mwaka 2013 katika jarida la Nature Communications. Milinganyo ya kukadiria urefu kutokana na unene, iliyotokana na misitu mingine ya Afrika ya Kati, iliipa miti ya Yangambi urefu isiokuwa nao. Kwa kuwa kaboni ya mti hukadiriwa kutokana na unene na urefu wake, kama wangeitumia, kaboni iliyomo katika miti hiyo ingekadiriwa kupita kiasi kwa asilimia 24. Kiasi halisi kilikuwa wastani wa tani 162 kwa hekta.

Uhusiano ulikuwepo kote, lakini mstari wake haukuwa mmoja. Anayetaka kukadiria kaboni ya msitu wa Ubundu apime kwanza urefu wa miti ya Ubundu yenyewe, minene kwa myembamba, kabla ya kuazima mlinganyo wa kwingine.