Kabla ya Kununua Hisa za Duka Kubwa, Uliza Nani Anadai

Katika vibanda vya Gatwekera, Kibera, unga hupimwa kwa gorogoro na mafuta ya kupikia huuzwa hata ya shilingi ishirini. Mwenye kibanda huachiwa na msambazaji mkate na maziwa asubuhi, akalipia akishauza. Akizila pesa za mkate, kesho haachiwi mkate. Ndiyo kanuni iliyoiangusha Uchumi, kampuni ya maduka makubwa nchini Kenya, na kila chama cha akiba kinachofikiria kununua hisa za duka kubwa kinapaswa kuielewa kabla ya kutoa senti.

Uchumi ilianzishwa na serikali mwaka 1975 na kuingia soko la hisa la Nairobi mwaka 1992. Mwananchi wa kawaida akaweza kumiliki kipande cha duka alilolijua. Juni 2006 ilifunga milango na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Serikali ikaiokoa, na mwaka 2011 hisa zake zikarudi sokoni. Mwishoni mwa 2014 iliwauzia wanahisa wake hisa mpya kwa Sh9 kila moja, ikakusanya karibu Sh900 milioni. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo, watu waliiamini.

Miezi michache baadaye, Juni 2015, mkurugenzi mkuu alifutwa kazi. Oktoba mwaka huo matawi ya Uganda na Tanzania yakafungwa. Haikupita miaka mitano tangu mauzo hayo ya hisa kabla ya bei ya hisa moja kushuka chini ya shilingi moja. Aliyenunua hisa 1,000 kwa Sh9,000 akabaki na mali isiyofika Sh1,000.

Kilichotokea kinaeleweka. Duka kubwa hupokea pesa taslimu kutoka kwa mteja leo, lakini humlipa msambazaji baada ya wiki nyingi. Katikati hapo kuna pesa nyingi mkononi ambazo si zake. Meneja anayezitumia kufungua matawi huonekana hodari mauzo yakiwa yanapanda. Yakipungua, malipo huchelewa, msambazaji husimamisha bidhaa, rafu hubaki wazi, na mteja huenda kwingine. Mauzo hushuka zaidi, na deni halipungui.

Nakumatt, kampuni nyingine ya maduka makubwa, ilipita njia hiyohiyo hadi wadai wakapiga kura ya kuivunja Januari 2020. Tuskys ikafuata. Hizo mbili zilikuwa mali ya familia, kwa hiyo aliyeumia zaidi ni msambazaji na mfanyakazi. Kwa Uchumi aliumia pia mwanahisa mdogo, kwa kuwa kampuni ikifilisika mwanahisa hulipwa mwisho, wadai wote wakishapata chao. Kwa kawaida hakuna kinachobaki.

Hasara ya pili haizungumzwi sana. Maduka makubwa yanayostawi Nairobi leo hayako kwenye soko la hisa. Naivas ni ya familia iliyoianzisha pamoja na wawekezaji wanaoongozwa na IBL ya Mauritius. Carrefour huendeshwa na Majid Al Futtaim ya Dubai. Mkazi wa Kibera ananunua humo, lakini mlango wa kushiriki faida umefungwa. Anguko la Uchumi liliondoa akiba za watu, likaondoa pia imani ambayo ingeyavuta maduka mengine sokoni.

Siku mlango huo utakapofunguliwa tena, chama kisihesabu matawi wala kutazama wingi wa wateja. Kifungue hesabu za mwaka na kutafuta mambo mawili: deni la wasambazaji na mauzo. Deni likikua haraka kuliko mauzo kwa miaka miwili mfululizo, pesa za chama zisiingie humo, hata bei ya hisa iwe rahisi namna gani. Na pesa za karo na kodi ya nyumba zisiguswe kabisa. Bei rahisi ya hisa mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza kwamba wanaoidai kampuni hiyo wameshaanza kuhesabu hasara.