Selimundu: Mmempata mtoto mmoja mgonjwa, anayefuata je?

Mtoto anavimba vidole vya mikono na miguu, analia usiku kucha, na kila baada ya miezi michache anaishiwa damu. Ndugu wanaanza kunong'ona, na mara nyingi wa kwanza kunyooshewa kidole ni mama.

Lakini mama hawezi kuuleta ugonjwa huu peke yake. Mtoto huugua selimundu, au siko seli, anaporithi kinasaba chenye hitilafu kutoka kwa baba na kingine kutoka kwa mama. Wazazi wenyewe, ambao majibu yao ya kipimo husomeka AS, huwa wazima, wanalima na kuchunga bila kujua wamekibeba.

Kanda ya Ziwa hawa si wachache. Utafiti wa sampuli zaidi ya 17,000 za watoto wadogo kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionyesha takribani mtoto 1 kati ya 5 amebeba kinasaba hicho.

Baba na mama wote wakiwa AS, kila ujauzito una uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Hapa wengi hukosea hesabu. Wakishampata mgonjwa mmoja, hudhani zamu imepita na watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo. Kila mimba huanza hesabu upya, kama kurusha shilingi.

Kwa familia ya Nyansurura, zipo njia za kuchagua:

Wachumba wapime kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini. AS akioana na AA, hawapati mtoto mwenye SS.

Waliokwisha kuoana wapime wote wawili, kisha waamue pamoja idadi ya watoto kwa uzazi wa mpango. Kuoa mke mwingine hakumwondolei baba kinasaba alichobeba. Kupandikiza mimba iliyochunguzwa kwanza maabara kunawezekana, ila gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi.

Wanaoamua kuzaa wampime mtoto mapema. Penisilini ya kila siku tangu umri wa miezi miwili hadi miaka mitano, chanjo zote, na kinga ya malaria huokoa maisha.

Kabla ya kuuliza ugonjwa umetoka ukoo wa nani, baba na mama waongozane kwenda kupima.