Maharage ya watoto yatengwe kabla dalali hajafika

Kuanzia mwishoni mwa Mei, vijiji vya milimani Mbeya, Njombe na Makete hugeuka uwanja wa maharage. Maturubai hutandazwa uani, maganda makavu hupigwa kwa fimbo, akina mama hupepeta na watoto huokota punje zilizorukia kwenye majani. Wiki hizo hizo ndipo Fuso za wanunuzi zinapoanza kupanda mlima.

Hapo ndipo unapofanyika uamuzi mkubwa wa chakula cha mwaka mzima, na mara nyingi hufanyika haraka haraka, dalali akiwa ameshasimama mlangoni na mzani wake. Shule zinakaribia kufunguliwa Julai, kuna sare na deni la mbolea, basi gunia baada ya gunia linapakiwa. Bei wakati huo iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Januari, nyumba ile ile inanunua maharage dukani kwa kilo, au inaacha kununua, na watoto wanakula ugali na mboga za majani tu.

Mzazi, chukua kalamu tufanye hesabu. Familia ya watu sita hupika kama nusu kilo ya maharage makavu kwa chungu kimoja. Wakila siku nne kwa wiki ni kilo 2, na kwa wiki 52 ni kilo 104. Mbegu ya ekari moja, kwa aina fupi isiyotambaa, ni kilo 30 hadi 40. Kwa hiyo unahitaji kilo 140 hivi kabla hujauza hata kisado kimoja. Wastani wa mavuno nchini ni kama tani moja kwa hekta, sawa na kilo 400 kwa ekari. Mwenye ekari moja anatakiwa abakize theluthi nzima ya alichovuna. Anayebakiza madebe mawili, akishatoa mbegu, hana cha kupika.

Theluthi hiyo si anasa. Mahindi yana protini chache, nayo imepungukiwa lisini, kirutubisho ambacho mtoto anakihitaji ili akue. Maharage yanayo kwa wingi, na zaidi ya asilimia 20 ya uzito wa punje kavu ni protini. Ndiyo maana ugali na maharage vikikaa sahani moja hukamilishana. Kuna pia madini ya chuma na foleti, ambavyo mama mjamzito anavihitaji kuliko mtu yeyote nyumbani. Ila chuma cha kwenye maharage mwili hukipokea kwa shida. Kamulia limau, au weka kachumbari ya nyanya pembeni, kitapokelewa vizuri zaidi. Chai ya rangi hufanya kinyume, hivyo ikae mbali na mlo, saa moja au zaidi.

Sasa tuseme jambo ambalo baadhi ya akina baba hawatalipenda. Katika nyumba nyingi za milimani maharage yalihesabiwa zao la mama. Alipanda, alipalilia, alihifadhi mbegu na alijua nini kimebaki kwenye debe. Soko la Dar es Salaam lilipokua na maharage ya njano yakaanza kutafutwa, zao likawa na fedha, na fedha ikawa na msemaji mwingine. Sioni ubaya baba kuuza. Ubaya ni kuuza bila kumuuliza anayejua hesabu ya chungu. Mazungumzo hayo yafanyike jioni, kabla ya siku ya mnada, gunia la nyumbani likiwa limeshashonwa na kuwekwa kando.

Kinachowatisha wengi kubakiza maharage ni fukusi, nao wana haki ya kuogopa. Fukusi wa maeneo ya baridi hutaga mayai kwenye maganda maharage yakiwa bado shambani, kwa hiyo unayaleta nyumbani bila kujua. Vuna mapema maganda yakishakauka, usiyaache yasubiri. Kisha anika kweli kweli. Kipimo cha bei rahisi ni chumvi: weka punje na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo, funika, tikisa, iache kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, rudisha maharage juani.

Yakikauka, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Kila nailoni ifungwe peke yake. Fukusi waliomo humaliza hewa na kufa bila dawa yoyote. Lakini mfuko unaofunguliwa kila siku hauna kazi, kwa hiyo maharage ya kula yagawe kwenye madumu madogo yaliyokuwa ya mafuta ya kula, yaoshwe na kukaushwa, yajazwe hadi shingoni. Dumu lililobeba dawa ya shamba au mafuta ya taa lisikaribie chakula.

Na vile vidonge vya kufukizia nafaka, visiingie kabisa ndani ya nyumba mnamolala. Gesi inayotoka humo huua binadamu kama inavyoua fukusi.

Mbegu nayo ina ujanja wake. Milimani baridi na mvua vinaleta chule na madoa pembe, na chule huhama na mbegu kutoka msimu hadi msimu. Wakulima wa kule hupanda tena Februari na Machi ili maganda yakauke mvua zikiwa zimekatika. Chagua mimea safi ingali shambani, uifunge kamba, uivune peke yake. Kila baada ya misimu michache badilisha mbegu. Kituo cha utafiti cha Uyole, pale Mbeya, kimetoa aina kadhaa zinazofaa nyanda hizo, zikiwemo Njano Uyole na Uyole 96.

Ukienda kuichagua, nenda na mtoto. Ng'oa shina moja linalochanua, mwonyeshe vinundu kwenye mizizi, pasua kimoja kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu, bakteria waliomo wako kazini wakivuta naitrojeni ya hewani na kuipa mmea. Ni somo la sayansi lisilolipiwa ada.

Jikoni kuna kero moja ya milimani ambayo wageni kutoka pwani huishangaa. Uyole iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo sababu maharage yanakula kuni. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya. Hata kama una haraka, usimpe mtoto maharage ambayo hayajaiva, hasa mekundu. Yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, na moto mdogo wa kupashia hauiondoi. Yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo upunguze moto uyaache yalainike. Mtoto wa miezi sita yapondwe, yachujwe maganda, aanze na kijiko kimoja.